Mzigo Uliozama Ghorofa ya Saba

Je, wewe umewahi kukaa na neno mdomoni mwaka mzima? Si tusi, wala si neno la mapenzi. Neno dogo tu la kazini, la kusemwa kwa pumzi moja ukamaliza. Ukaamka nalo, ukapiga mswaki nalo, ukalitafuna pamoja na mkate, na bado likabaki palepale chini ya ulimi? Kama hujawahi, shukuru. Huyu dada lilimkaa mpaka miguu yake ikasahau kutulia.

Kazini walimwita Chokochoko. Wenzake ndio waliompa jina hilo, utani wenye ukweli ndani yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuchokonoa. Walikuwa watu wanne katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, chumba chenye madirisha mawili, moja likiwa halifunguki tangu lilipopakwa rangi likagandana na fremu yake. Humo walitengeneza michezo ya simu. Fundi, mzee wa miaka hamsini mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyeandika maagizo ndani ya kompyuta. Mchoraji, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka dukani, alichora watu na nyumba. Mkuu wao aliitwa Bwana Tayari, maana hakuwa na neno jingine: ukimuuliza kama amekula, tayari, kama ameamka salama, tayari. Na Chokochoko alikuwa mjaribu. Alicheza mchezo kabla haujatoka, akiutafutia ubaya kama mama mkwe anayekagua jiko la mke wa mwanawe.

Mwaka uliopita walikuwa wametoa mchezo wao wa kwanza. Ulikuwa na fundi bomba mwenye kofia nyekundu, anayeingia nyumba za watu kuziba maji yanayovuja. Siku ulipotoka, watu waliupakua kwa maelfu, wakaufungua, na fundi bomba akasimama mlangoni. Akasimama tu. Spana mkononi, kofia kichwani, mlango mbele yake, wala haingii. Ukimbonyeza, anapepesa macho. Ukimbonyeza tena, anapepesa tena. Kufika adhuhuri watu walikuwa wameshamtungia vichekesho. "Mpeni ufunguo jamani." "Huyo anaogopa mbwa." "Amekuja kuposa, anaona haya." Mchoraji alicheka kichekesho cha kwanza na cha pili; kwa cha tatu akalia.

Sababu ilipatikana baada ya siku nne. Simu zote za pale kazini zilikuwa zimeucheza mchezo ule tangu ulipokuwa mchanga, na zilikuwa zimehifadhi kumbukumbu zake za zamani. Fundi bomba alikuwa akitumia kumbukumbu hizo kufungulia mlango. Simu ambayo haijawahi kuuona mchezo haikuwa na kitu cha kumpa. Wakaiziba ile kasoro, lakini watu walikuwa wameshaufuta mchezo na kwenda zao.

"Tumejifunza," alisema Bwana Tayari, akabandika ukutani karatasi yenye herufi nyekundu: SIMU ZIFUTWE KABLA YA KILA JARIBIO.

Hayo waliyajua wote. Alilolijua Chokochoko peke yake ni hili: siku moja kabla mchezo haujatoka, dada yake mkubwa alipita kwake na simu mpya. Chokochoko akaupachika mchezo humo ili ajitambe kidogo, na fundi bomba akasimama mlangoni. Alimwona kwa macho yake mawili. Alikuwa na muda wa kupiga simu kazini. Lakini Bwana Tayari alikuwa ameshapuliza maputo, Mchoraji ameshaita ndugu zake, na Chokochoko akajiambia kwamba simu ya dada ndiyo mbovu. Akaizima, akamrudishia. Kesho yake aibu ilikuwa kubwa mno, kesho kutwa ikawa imechelewa, na baada ya mwezi neno likawa halina pa kuanzia.

Tangu hapo alikuwa mtu wa kutotulia. Akikaa, goti lilimcheza chini ya meza mpaka vikombe vikalia. Akisimama, alihesabu vigae vya sakafu. Kucha zake alikuwa amezimaliza, sasa alikuwa amehamia kwenye kofia ya kalamu.

Basi mchezo wa pili ulikuwa wa mpagazi. Jumba la ghorofa kumi na mbili, lifti imekufa, na mpagazi anapandisha mizigo ya wapangaji kwa miguu. Godoro, ghorofa ya pili. Cherehani, ghorofa ya tano. Ghorofa ya saba, tangi la kioo lenye samaki watatu, ambalo maji yake hayatakiwi kumwagika. Na juu kabisa, ghorofa ya kumi na mbili, mwanamke aishiye peke yake ameagiza miavuli sita. Safari hii hawakutaka kujiamini kijinga. Waliwapa watu mia mbili wa nje toleo la majaribio, wakacheza mwezi mzima, wakaandika waliyoyaona. Mchezo ulikuwa utoke Ijumaa, saa nne asubuhi, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma ilikuwa imeshawekwa mtandaoni kila mtu aione.

Jumatatu Chokochoko alisimama nyuma ya kiti cha Fundi na daftari lake.

"Tisa, Fundi."

"Tisa kati ya mia mbili, dada."

"Wote tisa wanasema jambo moja. Tangi la samaki limezama sakafuni, ghorofa ya saba. Mpagazi anabaki ameinama, mikono wazi, hana mzigo, na hawezi kupanda wala kushuka."

"Nimepanda ghorofa ya saba mara arobaini. Kwangu samaki wanaogelea."

"Kwako, kwako! Mwaka jana kwako fundi bomba aliingia mpaka chooni."

Mchoraji aliangua kicheko. Fundi hakucheka, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. "Nionyeshe, nitaiziba," alisema kwa upole. "Nisichokiona nitakizibaje?"

Bwana Tayari alikuwa mlangoni, simu sikioni. Aliifunika kwa kiganja. "Chokochoko mama, ukitafuta sana utapata tu. Hata mimi ukinichunguza utanikuta na kasoro."

"Hiyo haihitaji uchunguzi, bosi," alisema Mchoraji.

Jumanne alipanda ghorofa ya saba mara themanini na tatu. Alipanda mbio, alipanda polepole, alipanda kinyumenyume. Alimgonga mpagazi ukutani, alimwangusha, alimrusha dirishani. Samaki waliogelea. Jumatano aliwabadilishia samaki rangi, akaibadilisha lugha ya mchezo, akaingia chooni na simu labda mtandao wa humo ni mdogo. Samaki waliogelea, na mmoja, aliapa baadaye, alimtazama kwa dharau. Karatasi ya herufi nyekundu aliitii kila mara: alifuta simu, akapachika upya, akafuta tena. Kidole gumba kilivimba. Watu tisa hawawezi kuota ndoto moja, alijisemea, lakini pia alikumbuka jinsi alivyojiambia kuwa simu ya dada ndiyo mbovu, akaona afadhali awe mwendawazimu kuliko kujiambia hivyo tena.

Alhamisi mchana aliomba ruhusa, akatia simu moja ya kazini mkobani, akaenda kwa bibi yake.

Bibi alikuwa fundi cherehani, naye alimlea Chokochoko kwenye chumba hichohicho cha mbele, chini ya meza hiyohiyo ya kukatia vitambaa. Kila kitu kilikuwa na mahali pake: mikasi msumarini, chaki kwenye kopo la maziwa, pini kwenye mto mdogo wa umbo la nyanya, tepu shingoni mwa Bibi kama mkufu. Simu yake mwenyewe aliisimamisha kwenye kopo la vifungo.

"Mke mwenzangu," alimtania alipomwona, "mbona umekuja unayumba kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe? Kaa."

Chokochoko alikaa, akasimama, akakaa. Akatoa ile simu ya kazini na kuanza kupanda ghorofa ya saba.

"Hilo goti," alisema Bibi bila kuinua macho kwenye kitambaa, "linatikisa meza yangu. Mshono utakwenda upogo."

"Samahani, Bibi."

"Mimi huyo mpagazi wako nilikuwa naye asubuhi."

Chokochoko aliinua uso. Alikuwa amesahau kwamba wiki tatu zilizopita alimpachikia Bibi toleo la majaribio kwenye simu yake, zaidi kwa kumfurahisha. Jina la Bibi halikuwa kwenye orodha ya watu mia mbili. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Unacheza, Bibi? Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nampandisha kidogokidogo, nikipata nafasi. Ila ananichosha, kila nikifika na wale samaki ananifanyia kituko. Mara nne sasa. Nikadhani ni mimi nisiyejua."

Chokochoko aliiweka chini ile simu ya kazini. "Kituko gani?"

"Ngoja mteja atoke, nitakuonyesha."

Mteja alikuwa mwalimu, mama mrefu, aliyekuja kupima gauni la harusi ya mwanawe. Lilikuwa bado limeshikizwa tu kwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, ya uzi mweupe unaoonekana. Bibi alimwambia ainue mikono. Akamwambia ageuke. Kisha akamwekea kigoda.

"Nikae? Si nimesimama vizuri, mama?" alisema mwalimu.

"Harusi nzima utasimama wewe? Kaa. Haya, inama kama unaokota kitambaa kilichodondoka."

Mwalimu akainama, na uzi ukakatika kwapani, ta! Mwalimu alishtuka akajishika ubavu. Bibi alifurahi kama aliyepewa zawadi, akatia alama ya chaki pale palipokatika. "Afadhali hapa. Huku nyumbani nani anakuona?"

Chokochoko aliyaona yote hayo, lakini macho yake yalikuwa kwenye kopo la vifungo. Mwalimu alipotoka, Bibi alifuta chaki vidoleni, akachukua simu yake, akamtafuta mpagazi. Alimpandisha taratibu, ngazi kwa ngazi, tangi likiwa mikononi. Walipofika ghorofa ya saba, pale ngazi zinapokata kona, Bibi alimtua mzigo chini.

"Mbona umetua?" aliuliza Chokochoko. Katika kupanda kwake kote hakuwa ametua hata mara moja. Wala Fundi. Kuna kitufe cha kutua. Walikitengeneza wao wenyewe. Walikijaribu mara moja, mzigo ukakaa, wakaendelea.

"Humwoni anavyohema? Mchoraji wenu kamchora mpaka jasho. Mtu anabeba tangi la maji ghorofa saba, hata asipumzike?" Bibi aliisimamisha simu kwenye kopo, akachukua mkasi, akaanza kukata uzi wa bandi pale alipotia alama. "Nikirudi namkuta amepata nguvu."

Chokochoko alitaka kusema nenda, nenda, bonyeza. Alijiuma ulimi. Kioo cha simu kilififia. Kikazima, kikawa cheusi. Bibi alikata nyuzi tatu, akazikusanya, akazitia kopo la takataka. Kisha akaiwasha simu.

Tangi lilikuwa limezama sakafuni mpaka shingoni. Likaendelea kuzama mbele ya macho yao, samaki watatu wakishuka nalo, watulivu kabisa, mpaka pakabaki vigae vitupu. Mpagazi akainama, akanyoosha mikono, akabaki hivyo.

"Si hicho!" alisema Bibi. "Si nilikwambia?"

Chokochoko aliinyakua ile simu ya kazini, akatua mzigo, akaiweka mezani, akangoja. Dakika moja. Dakika mbili. Kioo kiliendelea kung'aa kama taa ya dukani. Ndipo alipoelewa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Simu zote za kazini zilikuwa zimewekwa zisizime. Mchana kutwa zilikaa kwenye chaji, macho wazi, ili mjaribu asipate taabu ya kuziwasha kila mara. Kila jaribio walifuta mchezo wakapachika upya, lakini mpangilio ule ulikuwa wa simu yenyewe, haukufutika. Na mkono uliozipanga hivyo, miaka miwili nyuma, ulikuwa wake mwenyewe.

"Mwaka jana zilikuwa simu," alisema, nusu anacheka nusu analia. "Mwaka huu ni mimi."

"Wewe nini?"

"Bibi, kesho saa nne mchezo unatoka. Kila mtu atakayepigiwa simu akiwa ghorofa ya saba, kila atakayeitwa na mama yake, atakayegeuza chungu jikoni..."

"Si uwaambie."

Chokochoko aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Akaenda tena. Bibi alimfuata kwa macho, sindano mkononi, jinsi alivyokuwa akimtazama alipokuwa mdogo na amevunja kitu. Hakumdodosa. Alichosema kilikuwa kingine kabisa.

"Mimi hao samaki hawanishughulishi. Kinachoninyima raha ni yule mama wa juu. Miavuli sita, naye anaishi peke yake. Ya nini?"

"Ni kwamba..."

"Usiniambie!" Bibi aliziba masikio, sindano na yote. "Usithubutu. Nitapanda mwenyewe nimuulize. Nyinyi nizibieni hiyo sakafu tu."

Mwaka mzima Chokochoko alikuwa ameuangalia mchezo ule kwa jicho la kasoro. Ilimjia sasa, akiwa amesimama dirishani, kwamba kuna mtu anayetaka kufika.

Asubuhi ya Ijumaa aliingia kazini na simu ya Bibi, aliyopewa kwa sharti kwamba asichokonoe namba za watu. Maputo yalikuwa yameshafungwa kwenye dirisha lisilofunguka. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na tisa. Bwana Tayari alikuwa amevaa koti. Kwenye kompyuta yake kitufe cha kijani kilikuwa kinangoja.

"Naomba dakika moja," alisema Chokochoko. "Dakika moja, na msiiguse hii simu."

Aliiweka katikati ya meza. Mpagazi alikuwa ghorofa ya saba, ametua mzigo. Wote wanne waliinama juu yake. Hakuna kazi ngumu kama kuitazama simu isiyofanya kitu. Fundi alikohoa. Bwana Tayari alitazama saa ya mkononi, akatazama ya ukutani, kana kwamba moja itakuwa na huruma zaidi. Kioo kikafifia. Kikazima. Mchoraji akanyoosha kidole, Chokochoko akamshika mkono. Kisha akaiwasha.

"Mungu wangu," alisema Mchoraji. "Samaki wangu."

Fundi alivua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa simu. "Inalala," alinong'ona. "Simu inalala, sakafu inasahau kurudi." Aliivaa tena miwani. "Si kazi ya siku moja, hii. Nikiigusa sakafu, nimezigusa ghorofa zote."

"Sawa, tumeiona," alisema Bwana Tayari haraka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameahidi watu wengi. "Ahsante, Chokochoko. Tutaiziba wiki ijayo, wakishaanza kucheza. Wangapi watatua mzigo? Watu tisa. Watu wameshakaa wanahesabu, jamani. Dakika kumi na mbili."

Fundi alitazama chini. Mchoraji alitazama maputo. Ilikuwa kawaida yao, kabla ya kila jambo kubwa, Bwana Tayari kuuliza swali moja na wote kulijibu kwa neno moja, kwa sauti, kama timu inayoingia uwanjani. Mwaka jana Chokochoko alilijibu kwa sauti kuliko wote.

Bwana Tayari aliweka kidole karibu na kitufe. "Jamani, tuko tayari?"

"Ta..." alianza Mchoraji, akaliachia njiani.

"Hapana," alisema Chokochoko.

Lilikuwa neno dogo, lakini lilivuta mengine nyuma yake. "Hapana, bosi. Mwaka jana nilimwona fundi bomba amesimama mlangoni. Siku moja kabla. Kwenye simu ya dada yangu. Nilimwona, nikasema hapa kwa sauti kubwa kwamba niko tayari, kisha nikakaa kimya mwaka mzima nikiwatazama mnasomewa vichekesho. Nyinyi mlidhani hatukuona. Mimi niliona."

Chini dukani mtu alikuwa anatikisa kopo la rangi, kwa-kwa-kwa-kwa, kisha akaacha. Mchoraji aliweka kiganja kinywani. Fundi alikaa polepole kwenye kiti chake, na alipomtazama Chokochoko, uso wake ulikuwa umechoka zaidi kuliko kukasirika. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, goti la Chokochoko lilikuwa limetulia.

Bwana Tayari alikitazama kitufe. Aliitazama ile simu ya kizee, yenye mkwaruzo wa pini kwenye kona, na mpagazi ndani yake ameinama, mikono wazi. Kisha akaondoa kidole, akakitia mfukoni mwa koti kama mtu anayeficha kitu cha moto.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia. "Sema. Unataka nini?"

Hilo swali Chokochoko hakuwahi kuulizwa, wala mtu mwingine yeyote mle chumbani.

"Nataka tusiutoe leo," alisema Chokochoko. "Nataka tungoje mpaka bibi yangu aifikishe ile miavuli."